Kidole cha Kusomea

Watu wa Ndithini wana dawa moja tu ya mkono unaoumizwa na kazi: acha ngozi ikomae. Jembe likikutoa malengelenge, endelea kulima. Kamba ya kisimani ikikuchuna, endelea kuteka. Baada ya mwezi sugu itaota, na mwenye sugu halii. Dawa hiyo iliwafaa mababu na haina gharama, na Kimeu alimpa jirani yake Urbanus Ndunda kwa moyo mweupe, siku ya kwanza uzi wa nailoni wa kuvulia samaki ulipomkata kidole.

"Wacha ikomae," alisema. "Yangu iko kama kwato. Shika uone."

Urbanus alikuwa kipofu tangu alipougua surua utotoni, kwa hiyo kushika ndiko kuona kwake. Alipokea mkono wa Kimeu akaupapasa. Kweli kidole cha shahada cha yule mzee kilikuwa kwato tupu. Akamrudishia mkono wake kwa adabu.

"Yangu ikikuwa hivi, mzee, nitakuwa kipofu mara ya pili."

Kidole chake kilichokatwa, cha shahada cha mkono wa kulia, ndicho Urbanus alichosomea. Alifundishwa nukta nundu, maandishi ya kupapasa, akiwa na miaka saba, katika shule ya bweni ya vipofu, na mwalimu aliyekagua vidole vya wanafunzi kila asubuhi jinsi walimu wengine wanavyokagua kucha: asiyepaka mafuta hakupewa kitabu. Ndicho kilichompa kazi ya simu katika kiwanda kimoja cha Athi River, ambako kwa miaka minane aliunganisha watu na ofisi walizozitaka, orodha ya namba ikiwa chini ya kidole. Mwaka wa 1996 kiwanda kilileta mashine iliyojua kuunganisha simu yenyewe, isiyokunywa chai wala kuomba likizo, na Urbanus akarudi nyumbani kwa mkewe Syokau na shamba lao la mbaazi na mtama. Na tangu arudi, ndicho kilichomsimamisha mbele ya watu kila Jumapili katika kigango chao cha kanisa, akisoma somo la kwanza kutoka katika kitabu kinene kama matofali mawili. Kidole cha kulia kilisoma. Cha kushoto kazi yake ilikuwa kutangulia kutafuta mstari unaofuata, kama mtumwa anayemfungulia bwana wake mlango.

Uvuvi alifundishwa na Kimeu. Bwawa la Masinga lilipokuwa linajengwa, Kimeu alikuwa mpishi wa wahandisi, na mmoja wao alipoondoka alimwachia fimbo ya kuvulia yenye gurudumu la kukunjia uzi. Watu waliiita mashine. Ukambani samaki si chakula cha kukimbilia, na hadi leo wako wazee wanaomwita nyoka wa maji, lakini mwaka wa ukame tumbo halichagui.

Shida ya Masinga ni mamba. Mvuvi mwenye akili hachezi karibu na maji. Husimama juu ya mwamba, hatua ishirini kutoka ukingoni, akarusha kwa nguvu mpaka uzi uvuke matope na majani. Ili ufike huko lazima ufungwe kitu kizito, na kitu kizito walichokuwa nacho ni nati ya trekta. Sasa kidole kinaingia hapa. Kabla ya kurusha unafungua kikono cha waya kinachozuia uzi, na kuanzia hapo kizuizi ni kidole chako kimoja. Unairudisha fimbo nyuma, unaitupa mbele kwa mwili wote, na kwa kitambo kidogo nati nzima inaning'inia kwenye ngozi ya kidole hicho. Halafu unaachia. Ukiachia mapema, nati inakwenda mbinguni. Ukichelewa, inakuja miguuni. Ukiachia sawasawa inakwenda unakotaka, lakini uzi hauondoki bila kukikwaruza kidole. Hiyo ni mara moja. Kwa siku unarusha mara thelathini. Na siku ya upepo, bwawa linapopiga mawimbi na kuurudisha uzi ufukweni, unafunga nati mbili.

Syokau hakuielewa hamu hiyo hata kidogo. Yeye alisuka vyondo, vikapu vya kubebea, na alijua thamani ya vidole.

"Baba Kavata," alimwambia, "samaki tunaweza kula ama tuache. Lakini hiyo kidole ikiharibika utakaa hapa ukifanya nini? Kuhesabu kuku?"

"Hata hizo kuku sitaziona."

"Ndio nasema."

Urbanus alicheka lakini hakuacha. Aliupenda uvuvi, tena sana, na sababu yake hakumwambia mtu. Mahali pengine pote watu walimshika mkono: wakimvusha, wakimkalisha, wakimwekea kijiko kiganjani. Juu ya ule mwamba Kimeu alimgeuza uso kuelekea majini mara moja tu asubuhi, na baada ya hapo upepo shavuni ulimwonyesha njia, na hakuna aliyemgusa mpaka jioni. Palikuwa na mahali pawili duniani ambapo hakuna aliyemharakisha wala kumsaidia: mwambani, na mbele ya kitabu kanisani. Na mahali pote pawili palidai kidole kilekile.

Kwa hiyo akatafuta namna ya kukifunika. Alianza na plasta kutoka dukani. Plasta ilikaa vizuri mpaka ilipoloa, na katika uvuvi hakuna kisicholoa. Kwenye mrusho wa tatu iliondoka na uzi ikaenda kuwalisha kambare. Kisha akakata kipande cha tyubu ya baiskeli akakizungusha kidoleni. Mpira huo haukukatika. Tatizo ni kwamba haukuachia uzi pia. Uliung'ang'ania wakati wa kuachia ulipopita, na nati ikatua ndani ya sufuria ya chai ya Kimeu. Mzee aliiopoa kwa kijiko.

"Ingekuwa kichwa," alisema mwishowe, "ungenizika na pesa gani?"

Akajaribu kurushia kidole cha kati. Hicho hakikuwa na utii. Nati ilikwenda kushoto, kwenye matete, ambako mamba wenyewe wanakaa.

Aliyepata ufumbuzi ni Syokau, na aliupata akiwa amekasirika, maana alichoka kumfunga vitambaa. Alichukua uzi laini wa pamba uliobaki kwenye kazi yake, akakipima kidole cha mumewe kwa kucha, akasuka kiondo. Kiondo kamili, chenye kitako na ukingo, ila chote kilikuwa na urefu wa viungo viwili vya kidole. Kimeu alipokiona aliuliza kama kitabebewa punje ngapi za maharagwe. Lakini kilifanya kazi. Kikiloweshwa kwanza, uzi wa nailoni uliteleza juu yake vizuri, na Urbanus alikivaa wakati wa kurusha na kukivua wakati wa kungoja, ili kidole kitupu kilale juu ya uzi na kumsikiliza samaki. Kilikuwa na kasoro moja. Nailoni ilipita mahali palepale kila mara, ikaanza kujichimbia njia kati ya nyuzi za pamba. Baada ya mirusho mitano ilibidi akipapase, akizungushe upande mpya. Kila wiki mbili Syokau alisuka kingine, akilalamika.

Hivyo ndivyo kidole kilivyoishi salama mpaka Mei ya mwaka 1999, askofu alipoandika kwamba atakuja kigangoni siku ya Pentekoste kuwapa watoto kipaimara.

Mwenyekiti wa kigango alikuwa Nzioka, fundi viatu pale sokoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuamini anachokiona, na katika kitabu cha Urbanus hakuwa ameona kitu. Siku moja baada ya ibada alikifungua mwenyewe, akageuza kurasa kumi na mbili nyeupe zisizo na tone la wino, akasema, "Hii ni karatasi imepata chunusi." Tangu hapo alishikilia kwamba Syokau humsomea mumewe nyumbani, naye hukariri kama kasuku, kisha huja kupapasa karatasi mbele za watu ili apendeze. Aliyasema hayo sokoni, msumari mdomoni. Urbanus aliyapata kutoka kwa watu watatu tofauti kabla ya jua kutua, kwa sababu neno baya halikosi mchukuzi.

Yalimuuma. Angeitwa mvivu angecheka, na hata kuitwa mlevi angevumilia. Lakini kusoma ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakukipewa na mtu kwa huruma.

Katika kikao cha kupanga ziara, Nzioka aligawa kazi. "Askofu wetu ni mtu wa ziwani, nasikia nyama ya mbuzi imemchosha. Urbanus atuletee samaki kubwa. Hiyo anaweza. Somo la kwanza wacha asome Mwalimu Justus. Somo ya Pentekoste iko na majina ya mataifa mengi, na mbele ya askofu hatutaki kubahatisha."

Padre, aliyekuwa amekaa kwenye kona akinywa uji, alisema tu kwamba Urbanus ndiye msomaji na Urbanus atasoma. Nzioka alikubali kwa mdomo.

"Sawa, Padre. Lakini Justus tutamweka benchi ya mbele, karibu. Huyu akikwama, yule anaendelea. Si ubaya."

"Mwenyekiti," Urbanus alisema, na alishangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa tulivu, "samaki nitaleta. Na somo nitasoma."

Ijumaa kabla ya Pentekoste alikwenda mwambani na Kimeu asubuhi mapema. Upepo ulikuwa mkali na mawimbi yaligonga ukingo, wakafunga nati mbili. Kufikia saa sita walikuwa na kambare wawili wadogo, wa kumpa katekista labda, si askofu. Saa saba samaki walianza kula. Urbanus aliusikia uzi ukiguswa, ukiachwa, ukiguswa tena, akavuta akakosa. Akarusha tena. Akakosa tena. Kila aliporusha aliyasikia yale maneno: hiyo anaweza. Alitaka samaki mkubwa kuliko maneno hayo.

Huyu ni mtu aliyepapasa kila kitu. Alipapasa kikombe kabla ya chai, kiatu kabla ya mguu, kiti kabla ya kukaa. Siku hiyo alirusha mara kumi na moja mfululizo bila kukipapasa kile kiondo kidogo kidoleni. Kama angekigusa kwa mkono wa pili angeukuta mfereji uliokwisha kufika kwenye ngozi.

Kwenye mrusho wa kumi na mbili nati zilikwenda vizuri, mbali, akasikia zikitumbukia. Hakusikia maumivu mara moja. Alisikia unyevu ukitiririka kiganjani, vuguvugu, akajua si maji ya bwawa.

"Kimeu," aliita. "Niangalilie kidole."

Kimeu alikuja, akashika mkono, akavua shati lake akakifunika kidole. Wakati huohuo fimbo iliyoachwa chini ilianza kuburutwa kwenye mwamba, na Kimeu akairukia. Ndivyo alivyopatikana kambare wa askofu, mrefu kama mkono wa mtu mzima: kwa mrusho uleule, akavutwa na mtu mwingine, huku aliyerusha amekaa chini amekibana kidole kwa shati.

Muuguzi wa zahanati alishona nyuzi tatu. Alisema uzi wa nailoni ulipita katikati kabisa ya ncha ya kidole, akauliza kwa nini mtu asifuge kuku.

"Nitahisi tena?" Urbanus aliuliza.

"Kidonda itapona."

"Siulizi kupona. Nauliza kuhisi. Ninasomea hapo."

Muuguzi alifikiri kidogo. "Inaweza kurudi yote. Inaweza kurudi nusu. Kovu ni kovu, bwana. Ngoja mwezi mbili ndio tujue."

Urbanus aliogopa. Kiwanda kilipomwita ofisini kumpa barua hakuogopa hivi, maana kazi ya simu ilikuwa ya kiwanda na kiwanda kilichukua kilicho chake. Hiki kilikuwa chake mwenyewe, na alikuwa amekikata mwenyewe kwa hasira ya maneno ya fundi viatu.

Jumamosi alikaa mlangoni na kitabu magotini, kidole cha kulia kimefungwa bendeji nene kama gunzi la muhindi. Akajaribu kwa cha kushoto. Miaka ishirini na tisa kidole hicho kilikuwa kikitafuta mwanzo wa mistari na kusimama hapo. Kuingia ndani hakikuzoea. Kilijua herufi, lakini kilizijua mojamoja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kilipofika mwisho wa neno kilikuwa kimesahau lilivyoanza. Mstari mmoja ulikula muda wa ukurasa mzima, na alipotaka kwenda wa pili akapotea, kwa sababu sasa hakukuwa na kidole kingine cha kumtangulia.

Kimeu alikuja kumwona, amebeba maziwa. "Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema, akimtania ili apoe. "Lakini yako ilikuwa inasoma kitabu mzima. Mpe Justus asome, ndugu yangu. Wewe mgonjwa."

"Nikimpa Justus kesho, Jumapili ingine watasema asome tena, kwa sababu alisoma vizuri. Na mwezi mbili ikiisha na kidole ikatae, nitarudi kuomba nini?"

Kimeu aliacha maziwa akaenda.

Syokau alikuwa akisikiliza huku mikono yake ikiendelea kusuka. "Wewe hiyo somo unaijua," alisema. "Umeisoma wiki mbili. Sema nisikie."

Urbanus alifunga kitabu akalisema. Lilitoka lote, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, na yale majina ya mataifa ya mbali yanayowatoa jasho hata walimu yalipita kama shanga kwenye uzi. Hakukwama popote.

"Basi," Syokau alisema taratibu. "Kesho weka mkono juu ya karatasi, useme hivyohivyo. Nani atajua?"

"Nzioka atakuwa amesema ukweli."

"Nzioka hatajua."

"Mimi nitajua, Mama Kavata. Miaka tatu nimesema yule fundi ni mwongo."

Syokau aliacha kusuka. Alitaka kumwambia kwamba kiburi hakiliwi, na kwamba mbele ya askofu hata watu wenye macho husema uongo mdogo. Badala yake alikwenda ndani, akaleta mafuta, akaushika mkono wa kushoto wa mumewe akaanza kukipaka kile kidole polepole, kama alivyokuwa akiagiza mwalimu wa zamani ambaye hakumjua.

"Anza tena mwanzo," alisema. "Na usiharakishe."

Siku ya Pentekoste kanisa lilijaa mpaka nje. Watoto wa kipaimara walikaa mbele wamevaa nyeupe, na wasimamizi wao nyuma. Urbanus alifika kwenye meza ya kusomea kwa hatua zake tisa alizozihesabu miaka mitatu. Kushoto kwake, benchi la mbele, alisikia Mwalimu Justus akikohoa, na karibu naye viatu vya Nzioka, ambavyo alivitambua kwa sababu havikulia. Fundi viatu hawezi kuvaa viatu vinavyolia.

Akaweka kidole cha kushoto juu ya mstari wa kwanza.

Kishawishi kilikuwapo, kikubwa, tena kilikuwa mdomoni. Somo zima lilimsubiri nyuma ya meno, tayari kutoka. Kila neno lilitaka kumkimbia kabla ya kidole kulifikia, na kazi yake asubuhi hiyo ilikuwa kulizuia mpaka kidole kiseme sawa. Akasoma neno moja. Akangoja. Akasoma la pili. Watu walidhani anasimama kwa heshima. Kufikia mstari wa tatu walijua si heshima. Mtoto alicheka akafinywa. Mtu nyuma alinong'ona kwamba leo amesahau.

Alipofika kwenye majina, kidole kilisoma moja vibaya. Alilitamka hivyohivyo kilivyosoma, mbele ya askofu, jina la taifa ambalo halijapata kuwapo duniani. Benchi la mbele liligonga sakafu: Justus alikuwa amesimama. Urbanus hakugeuka. Alirudisha kidole nyuma, akaigusa herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akakuta nukta moja aliyoiruka. Akalisoma upya, sawasawa. Kisha akaendelea na lililofuata. Mwishoni mwa mstari alipotea kabisa, akakitembeza kidole kurudi mwanzo kando ya karatasi, akishuka polepole mpaka alipoukuta mstari unaofuata, na kanisa zima lilimngoja. Hakusikia Justus akikaa. Baadaye aliambiwa kwamba kuna mtu aliyemvuta koti.

Somo la dakika tatu lilichukua dakika kumi na mbili. Alipofunga kitabu, kidole cha kushoto kilikuwa kimekufa ganzi na shati lilikuwa limelowa mgongoni. Hakujua kama ameshinda au ameaibika. Askofu alikula kambare akamsifu mpishi. Nzioka hakuja kumsalimu, na Urbanus alirudi nyumbani ameinamisha kichwa, akimwambia Syokau kwamba pengine hiyo ndiyo Jumapili yake ya mwisho.

Jumanne jioni alisikia hatua zisizolia zikiingia uani.

"Hodi," Nzioka alisema.

"Karibu, Mwenyekiti."

Syokau alileta kigoda, akamsalimu kwa ufupi, akaenda jikoni lakini hakuenda mbali. Nzioka alikaa. Alizungumzia mvua. Alizungumzia bei ya ngozi. Kisha sauti yake ikashuka.

"Mimi nikishona kiatu, wakati mwingine sindano inakosa tundu. Mkono unajua. Unarudi nyuma peke yake, unatafuta, unapata, unaendelea. Sasa Jumapili nilikuwa karibu na wewe kuliko watu wote. Nilikuona ukikosa lile jina. Mtu amekariri akikosa, anaangalia juu, anakuna kichwa. Wewe mkono yako ilirudi kutafuta tundu."

Urbanus alikilaza gotini kidole chenye bendeji.

"Ni mimi nilivuta Justus koti," Nzioka alisema. "Na yale maneno ya soko, nimeanza kuyarudisha. Nimefika duka ya nne."

Akaweka kitu kiganjani mwa Urbanus. Ilikuwa kofia ya kidole, ya ngozi nyembamba sana, laini, upande wa kuteleza ukiwa nje. Urbanus aliipapasa kwa muda. Mshono ulikuwa mgongoni mwa kidole, si tumboni, na ndani haukuwa na kifundo kinachoweza kuisugua ncha. Nyuma kulikuwa na mpira mwembamba wa kuishika, ya kuvaliwa na kuvuliwa kwa mkono mmoja.

"Hii ngozi umetoa wapi? Iko laini hivi."

"Ulimi ya kiatu yangu ya Jumapili. Kiatu inaweza kukaa bila ulimi. Kimeu alinionyesha mahali uzi unapita. Hiyo nailoni itachoka kabla haijaingia hapo. Ngoja kidonda ipone, ndio uvae."

"Asante, Mwenyekiti."

"Bado. Iko ingine." Nzioka aliweka kofia ya pili juu ya ile ya kwanza. Ilikuwa nyembamba kidogo, na mshono wake ulipinda upande wa pili. "Hiyo ni ya mkono wa kushoto. Kiatu ni mbili, ulimi ni mbili. Nimeona sasa hiyo kidole pia inasoma. Usiiache hivyo wazi huko kwa maji."

Jikoni sufuria iliacha kugongwa. Mkono wa kushoto haurushi uzi. Mkono wa kushoto hushika kitako cha fimbo na kukunja gurudumu, na katika miaka mitatu ya kuvua haujawahi kukwaruzwa hata mara moja. Urbanus alilijua hilo, na Syokau alilijua pia.

"Ngoja niijaribu," Urbanus alisema, akakinyoosha kidole cha kushoto akaivaa.